Wasomaji wanamjua mlipiza kisasi kabla ya sura ya sita kwisha

BARUA

Shikamooni walimu wa safu hii,

Ninaandika riwaya ya kutisha kwa ajili ya vijana wa miaka 13 hadi 17. Kisa chote kinatokea usiku mmoja ndani ya treni. Mswada una maneno 31,000 katika sura 18, nao umenikwama.

Wanafunzi tisa wa miaka 17 wanasafiri kwa treni ya usiku yenye mabehewa sita, safari ya saa 12. Miaka mitatu nyuma, kwenye kambi ya shule, watano kati yao walimfungia mwenzao Salma ndani ya stoo ya vifaa vya michezo kwa mzaha, wakaenda kula, wakamsahau. Salma alikuwa na pumu. Stoo ilipofunguliwa alikuwa ameshafariki. Wale watano wakaafikiana kusema kwamba mlango ulijifunga wenyewe, na watu wazima wakaliandika jambo hilo kuwa ajali. Sasa, ndani ya treni, mtu anawawinda mmoja mmoja. Mtu huyo ni Hamisi, kaka yake Salma, ambaye amejipatia kazi ya uhudumu katika mabehewa ya kulala.

Niliwapa vijana watano mswada wausome. Wote walimtaja Hamisi kabla sura ya sita haijaisha. Mmoja alisema, "Si huyu mwenye kovu na macho makavu?" Wawili waliuliza mbona wahusika hawavuti breki ya dharura. Wengine waliuliza mbona hawapigi simu, na mbona hawashuki kituo kinachofuata. Nilikuwa nimeandika kwamba breki imeharibiwa na mtandao umekatika usiku kucha, lakini nikisoma mwenyewe naona ni visingizio.

Katikati, kuanzia neno la 15,000 hadi la 28,000, wahusika wanakimbizana tu kutoka behewa hili hadi lile. Wanne wanakufa. Mhariri mmoja wa vitabu vya vijana alisema damu imezidi na mwisho haukumgusa: Hamisi anateleza mlangoni anaanguka nje, waliobaki wanakumbatiana, jua linachomoza.

Nibadilishe mhalifu? Nipunguze vifo? Au treni yenyewe ndiyo tatizo, nikihamishie kisa hiki bwenini?

Mwandishi wa Behewa la Tatu

JIBU

Marahaba, Mwandishi wa Behewa la Tatu.

Usihamie bwenini. Lakini swali lako la mwisho ndilo lililobeba mengine yote, kwa sababu jinsi kisa kilivyo sasa kingeweza kuhamishiwa bwenini bila kupoteza chochote. Hamisi angewafuata wale vijana kwenye korido za bweni vilevile anavyowafuata kwenye korido za treni. Msomaji analihisi hilo hata kama hawezi kulitaja, na ndiyo maana anaanza kuuliza maswali ya breki na simu. Mtu aliyeshikwa na hadithi haulizi kuhusu breki. Anauliza kwa sababu treni yako bado ni jengo lenye magurudumu.

Kwa hiyo anza na hili: kwa nini mlipiza kisasi amechagua treni? "Kwa sababu hawawezi kutoroka" haitoshi, maana hata kisiwani hawawezi kutoroka. Jibu lazima litoke ndani ya kosa lenyewe. Katika barua yako kosa lina nguvu kubwa ambayo hujaitumia. Salma alifungiwa mahali penye watu karibu. Walikuwa wanakula, wanacheka, wanapita nje ya mlango, na hakuna aliyemsikia. Pia alifungiwa kwa muda fulani, na muda huo hukuutaja. Utaje. Tuseme mlango ulifungwa saa 1:40 usiku na ukafunguliwa saa 4:10. Hizo ni saa mbili na nusu. Sasa una sababu ya treni: mlipiza kisasi anatafuta mahali ambapo wale watano watakaa saa mbili na nusu wamefungiwa pamoja na watu wasiowasikia, nayo treni ya usiku yenye kipande kirefu kisicho na kituo inampa hasa hicho. Hakuna bweni linaloweza.

Chukua karatasi uandike ratiba. Treni inaondoka saa 12:00 jioni na kufika saa 12:00 asubuhi. Weka vituo saa 1:30, saa 3:00 na saa 4:45 usiku. Kituo cha saa 4:45 treni inasimama dakika tano. Kisha inaingia kwenye kipande kirefu, kuanzia saa 4:50 hadi saa 7:20, bila kusimama. Baada ya hapo vituo viwili vya alfajiri, kisha mwisho wa safari. Kipande hicho cha saa mbili na nusu ndicho moyo wa kitabu chako, na ndicho kitakachotibu yale maneno 13,000 ya katikati. Yagawe kuwa sura sita, kila sura ibebe dakika 25 za safari. Dakika 25 mara sita ni dakika 150, sawasawa na muda aliofungiwa Salma. Usimwambie msomaji mapema. Weka saa juu ya kila sura, mwache ajumlishe mwenyewe, na mhusika mmoja ajumlishe kwa sauti mnamo sura ya nne kati ya hizo sita. Mkono wa msomaji utaganda kwenye ukurasa pale. Ila ukishaweka saa, zichunge: ukikosea dakika kumi, kijana wa miaka 14 ataziona kabla yako.

Sasa breki. Usiiharibu. Treni nyingi za abiria zinatumia breki za hewa ambazo misingi yake ilitokana na George Westinghouse mwaka 1872. Bomba moja la hewa linapita chini ya mabehewa yote. Hewa ikiwa imejaa humo, kwa kawaida presha ya bar 5 hivi katika nchi nyingi, breki zinaachia. Hewa ikipungua, breki zinabana. Kwa hiyo mtu akikata bomba, au behewa likichomoka, treni inasimama. Haikimbii ovyo. Hali kadhalika dereva akizimia: kwenye treni nyingi kuna pedali au kitufe anachopaswa kukigusa kila mara, asipofanya hivyo breki zinashika zenyewe. Kila kisa ambamo mhalifu "anakata breki" na treni inashika kasi kinampoteza msomaji yeyote anayezijua treni, na vijana wanaozipenda treni ni wengi kuliko unavyodhani.

Basi waache waivute. Tena waivute katikati ya kile kipande kirefu, sura ya tatu kati ya zile sita. Kwa kasi ya kilomita 120 kwa saa, hesabu kwamba treni itahitaji kati ya mita 600 na kilomita moja kusimama, kiasi cha sekunde 40 hadi 60. Sekunde 40 ni nyingi sana kwenye ukurasa: mizigo inateleza, chuma kinalia, mtu aliyesimama anajigonga ukutani, harufu ya breki inapanda sakafuni. Halafu kimya. Taa za behewa zinaendelea kuwaka kwa betri, lakini ule mvumo uliokuwa ukifunika sauti zote umekoma, na kwa mara ya kwanza wanasikia kinachogonga kwenye chumba cha pili.

Chagua wanaposimama. Katika mabehewa mapya mengi, mpini wa dharura unamtahadharisha dereva kwanza, naye anaweza kuchelewesha kusimama mpaka treni itoke kwenye handaki la chini ya mlima au darajani. Utaratibu wa namna hiyo una historia ya majonzi. Mwaka 1972 huko Japani, treni ya usiku iliwaka moto kwenye behewa la mgahawa ikiwa ndani ya handaki la Hokuriku, lenye urefu wa karibu kilomita 14. Kanuni za wakati ule zilitaka treni inayowaka isimame papo hapo. Ikasimama ndani, na watu 30 wakafa. Kwa hadithi yako maana yake ni kwamba kuvuta mpini kunaweza kuwa uamuzi mbaya kuliko kutovuta. Mhusika anayejua hivyo na asiyejua hivyo wakigombania mpini mmoja, hiyo ni nusu sura tayari.

Baada ya treni kusimama, kondakta anakuja na tochi anauliza nani amevuta na kwa nini. Hapa ndipo kufuli halisi la kitabu chako lilipo. Ili aeleze kwa nini wanawindwa, mmoja wao lazima aseme walichomfanyia Salma. Wanatazamana. Mmoja anasema, "Ilikuwa bahati mbaya." Ni uongo uleule wa miaka mitatu iliyopita. Kondakta anaandika jina, anawakanya, treni inaondoka. Sasa hata wakilia kwa ukweli hakuna mtu mzima atakayewaamini. Hakuna aliyewafungia: wamejifungia wenyewe. Kusimama huko kumekula dakika 20 na zaidi, kwa hiyo kituo cha saa 7:20 nacho kimesogea mbele, na saa zako juu ya sura zitaonyesha kwamba adhabu imepita muda uliopangwa. Mlipiza kisasi mwenyewe hakulitegemea hilo. Mpango wake ulikuwa wa saa mbili na nusu tu. Kuanzia hapo hata yeye hajui kitakachotokea, nawe umepata kitu adimu, yaani mwindaji mwenye hofu.

Swali la kushuka kituo kinachofuata lijibu kwa njia hiyohiyo. Kile kituo cha saa 4:45, mlango uko wazi dakika tano. Mpe msimulizi wako, tumwite Rehema, ujumbe wa kwanza wa wazi kutoka kwa mwindaji kabla tu ya hapo, asimame kwenye ngazi ya behewa, mguu mmoja chini. Akishuka atalazimika kuwaeleza wazazi kwa nini ameshuka usiku katika kituo asichokijua. Anarudi ndani. Andika dakika hizo tano kwa maneno 1,500 bila haraka. Baadaye kila jambo baya litakalotokea, msomaji atakumbuka ule mguu.

Kuhusu simu, usizime mtandao usiku kucha. Mtandao ndani ya treni huja na kupotea. Mwili wa behewa ni wa chuma, na vioo vya mabehewa mengi ya kisasa vina utando mwembamba wa metali wa kuzuia joto, ambao hupunguza mawimbi ya simu. Ukichanganya na misitu, makorongo na mahandaki, unapata ujumbe unaokwama, kisha treni ikipita karibu na mnara ujumbe wote unaingia kwa mkupuo. Tumia hali hiyo. Ujumbe wa mmoja wa wale watano, tumwite Jabali, uliotumwa saa 5:05 unafika saa 5:50, dakika 20 baada ya Jabali kutoweka: "Usimfungulie mlango." Hausemi nani. Hakuna ujanja hapo, ndivyo simu zinavyofanya kazi, na saa iliyoandikwa pembeni ya ujumbe inakuwa kidokezo ambacho msomaji anaweza kukirudia na kukihakiki.

Tuje kwa Hamisi. Aliyemfichua si msomaji mwerevu, ni wewe. Kovu na macho makavu ni alama ambazo mwandishi huzibandika kwa mtu mmoja tu katika kitabu. Zaidi ya hapo ni mhudumu, kwa hiyo ana ule ufunguo wa pembe nne unaofungua milango ya mabehewa yote. Mtu mwenye funguo zote ndani ya hadithi ya milango hawezi kujificha. Ushauri wetu ni kwamba usipoteze nguvu kumficha. Kama wasomaji watano kati ya watano wamemjua sura ya sita, wape ushindi huo sura ya saba: wahusika wenyewe wamgundue, wamkabili, naye akiri kwamba yeye ni kaka yake Salma na ndiye aliyemtumia Rehema ule ujumbe wa kwanza. Kisha wapokonye ushindi huo. Saa 5:30, Jabali alipotoweka behewa la tano, Hamisi alikuwa behewa la kwanza na kondakta wakihesabu tiketi. Kondakta anathibitisha. Basi kuna mkono wa pili, na mkono huo uko ndani ya wale watano. Kikulacho ki nguoni mwako. Kuanzia hapo msomaji haulizi tena "ni nani aliyewafuata?" bali "nani kati yao alimwita?"

Mkono wa pili uonyeshwe kwa kitu, si kwa sura ya mtu. Mwaka 1864 huko London, Thomas Briggs, mfanyakazi wa benki, aliuawa ndani ya treni. Yalikuwa mauaji ya kwanza ya namna hiyo kwenye reli za Uingereza. Kilichomfichua muuaji, Franz Müller, kilikuwa kofia: katika haraka yake aliondoka na kofia ya marehemu akaacha yake behewani. Alikuwa amekwishapanda jahazi la matanga kuelekea New York, wapelelezi wakapanda meli ya mvuke iliyo na kasi zaidi, wakafika kabla yake na kumngoja. Kitu kimoja kilichokaa mahali pasipo pake kilitosha. (Behewa lenyewe lingekufaa pia ukitaka kuandika hadithi ya zamani: vyumba havikuwa na korido, milango ilifunguka nje tu, na ukishaondoka stesheni ulikuwa peke yako na mgeni uliyeketi naye. Sheria ya mwaka 1868 ndiyo iliyolazimisha treni za huko zinazokwenda zaidi ya maili 20 bila kusimama ziwe na njia ya abiria kumwita mlinzi wa treni.)

Wewe tayari unayo kofia yako, na hujaiona. Salma alikuwa na pumu. Mtu mwenye pumu hutembea na pampu yake ya dawa. Ilikuwa wapi usiku ule? Kama ilikuwa kwenye mkoba wake, na mkoba ulibaki nje ya stoo, basi mtu aliubeba mkoba ule. Pampu nyingi zina kidirisha chenye namba inayopungua kila zinapobonyezwa. Weka pampu yenye namba, mfano 61, kwenye kumbukumbu ya Rehema ya siku ya kambi. Kisha weka pampu yenye 61 katikati ya vitu vingine vinavyomwagika kutoka kwenye begi la mwingine wa wale watano, tumwite Tausi, wakati breki inaposhika. Isiwe kitu cha kwanza wala cha mwisho katika sentensi: msomaji hukumbuka vya mwanzoni na mwishoni. Na kwenye aya hiyohiyo mtu aumie, ili jicho likimbilie kwenye jeraha. Vidokezo vitatu vya namna hiyo vinatosha kwa riwaya nzima, kimoja mapema, kimoja kabla ya kituo cha saa 4:45, kimoja ndani ya kipande kirefu. Kimoja ni bahati, vitano ni kelele. Na kila mtu unayemfanya ashukiwe bila kosa awe na siri yake nyingine inayoelezwa kabla kitabu hakijaisha, la sivyo msomaji ataona umemdanganya.

Ndani ya kile kipande kirefu, acha kukimbizana. Behewa moja la abiria lina urefu wa mita 23 hadi 26 hivi. Mabehewa sita ni kama mita 150, mwendo wa dakika mbili au tatu hata ukisumbuliwa na milango. Huwezi kujaza maneno 13,000 kwa mbio za mita 150. Kinachotisha hapo ni kwamba njia ni moja. Anayetaka kutoka behewa la pili kwenda la sita lazima apite la tatu, la nne na la tano, na yeyote aliyesimama katikati anajua lazima utampitia. Chora mabehewa kwa mpangilio, uamue lipi la kukaa, lipi la mgahawa, yapi ya kulala, lipi la mizigo. Kila behewa lipate tukio lake kubwa moja. Mhusika akirudi humo, kitu kiwe kimebadilika: mgahawa umefungwa, taa za korido zimepunguzwa, mlango uliokuwa wazi sasa umekomewa.

Pale mabehewa yanapoungana ndipo mahali bora kuliko pote, na mswada wako, kwa jinsi ulivyoueleza, unapapita tu. Bamba za sakafu zinapishana chini ya miguu, upepo unapenya kwenye mpira wa pembeni, kelele inapanda ghafla kiasi kwamba ukiita hakuna anayesikia pande zote mbili. Stoo ya Salma imezaliwa upya hapo, mita moja tu kutoka kwa watu waliolala.

Sikio lako lizijue reli pia. Reli za vipande hutoa mdundo, tata-tata, kila magurudumu yanapovuka kiungo. Reli zilizochomelewa kwa urefu hutoa mvumo mmoja. Treni inapokaribia stesheni hupita kwenye njia panda za reli na mdundo huvurugika, behewa linayumba upande. Mtu aliyefungwa gizani anaweza kujua kwa sikio peke yake kwamba kituo kimekaribia. Huhitaji kumpa saa. Ila amua mapema treni yako ni ya aina gani na usibadilishe njiani. Mabehewa ya kisasa hufunga milango ya nje yenyewe treni ikiwa inatembea, ya zamani mengi hufunguka kwa mkono. Ukitaka mtu aning'inie mlangoni, panda la zamani.

Mhariri yuko sahihi kuhusu vifo. Ukiua mapema, wa pili humshtua msomaji nusu ya wa kwanza, na wa nne hamshtui kabisa. Pia adhabu uliyoijenga sasa haihitaji maiti. Mlipiza kisasi anataka wafungwe saa mbili na nusu, wasisikike na mtu yeyote. Mmoja akifa, awe mmoja, na afe kwa sababu ya ile breki, si kwa kisu: kwa sababu ya uongo waliomwambia kondakta, msaada umechelewa. Onyesha tokeo, usieleze namna ya kumdhuru mtu hatua kwa hatua. Kwa wasomaji wa umri huu tunakushauri usilegeze hapo hata mstari mmoja. Tukio la pumu liandike kwa usahihi na kwa heshima, kwa kuwa baadhi ya wasomaji wako wana pumu. Mtu aliyebanwa sana hawezi kumaliza sentensi, anasema neno mojamoja. Filimbi ya kifua ikinyamaza ilhali bado anahangaika kuvuta pumzi, hiyo ni dalili ya hatari, hewa haipiti. Rehema anaposikia kimya kile nyuma ya mlango wa behewa la tano aelewe, miaka mitatu baadaye, kwamba kimya cha stoo hakikuwa cha mtu aliyetulia.

Wapunguze wahusika. Tisa hawakumbukwi. Baki na watano wenye siri na mgeni mmoja asiyejua lolote, kwa mfano mwanafunzi aliyehamia shuleni mwaka jana. Maswali yake ndiyo yatakayotoa habari bila wewe kuhutubu. Ukimfanya Rehema asimulie kwa nafsi ya kwanza, hawezi kumficha msomaji kosa kitabu kizima huku akiliwaza kila siku. Akiri ifikapo sura ya tatu kwamba walimfungia Salma. Anachokiruka ni saa moja tu ya usiku ule, kwa kuwa hawezi kuisema. Alitoka mezani, akaenda hadi mlango wa stoo, akasikia kikohozi, akarudi kula. Hilo lije baada ya breki, si kabla.

Na Salma mwenyewe yuko wapi? Katika barua yako tunajua jina lake na ugonjwa wake. Marehemu wa namna hiyo ni kisingizio cha mchezo. Mpe kurasa kama nane zilizotawanyika, maneno 2,000 hivi: alichokuwa akiwaudhi nacho wenzake, wimbo aliokuwa akiuharibu, deni dogo alilomwachia Tausi. Awe na kasoro. Msomaji akimtamani arudi, kisasi cha kaka yake kitamchanganya moyo, na kuchanganyikiwa huko ndiko hofu yenyewe. Kwa mabadiliko haya mswada utafika maneno 42,000 hadi 45,000. Inatosha.

Mwisho wako wa sasa unamwondoa Hamisi ili wale vijana wasilazimike kusema. Mtu anaanguka, na siri inaanguka naye. Badala yake mrudishe mlangoni akiwa hai. Treni inafika kituo cha saa 7:20 ikiwa imechelewa, mdundo wa reli unavurugika, taa za jukwaa zinapita dirishani moja baada ya nyingine. Kondakta anafungua mlango, daftari lile la majina mkononi, ukurasa uleule wenye "bahati mbaya". Hamisi hasemi kitu. Pampu iko kwenye kiganja cha Tausi. Rehema anaweka mguu mmoja kwenye ngazi, kama alivyofanya saa 4:45, na safari hii anaanza na jina la Salma. Usiandike kondakta alijibu nini.